Ukimya Wenye Maelezo: Mapenzi ya Askari Aliye Mbali na Mkewe

Hotuba kwa askari wanaojiandaa kwenda ulinzi wa amani na wenza wao, Mbalizi, Mbeya

Maafisa, askari, mama zetu, dada zetu na mashemeji mliotoka Tukuyu, Vwawa, Mafinga, Njombe na hapa hapa Mbalizi: itifaki imezingatiwa.

Kabla ya safari askari hukaguliwa kila kitu: buti, chandarua, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, hata kucha. Hakuna anayekagua alichomwachia mkewe nyumbani, na hapo ndipo safari nyingi huharibikia wakati buti bado nzima. Tumeombwa tuzungumzie mapenzi ya askari akiwa vitani. Tutayazungumza kama kazi, kwa vipimo na kwa kalenda, maana maneno matamu mnayajua kuliko sisi.

Askari wengi hudhani kitakachomuumiza mke ni umbali. Umbali mke wa nyanda hizi anauzoea. Bibi zake waliachwa na waume waliokwenda Lupa kuchimba dhahabu, Tanga kukata mkonge, na Afrika Kusini migodini kupitia Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi, na mashamba yalilimwa, watoto wakakua. Kinachomvunja mke ni ukimya asioweza kuusoma. Simu haipatikani, leo siku ya tatu. Ameuawa? Anaumwa? Salio limekwisha? Ana mwanamke? Kama hamkukubaliana lolote, akili itachagua jibu baya kuliko yote, na italichagua saa nane za usiku. Basi kazi ya kwanza ya mapenzi ya askari ni kumwachia mkewe namna ya kuusoma ukimya wake.

Haikuwa hivi siku zote. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wake wengi wa askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani walitembea na msafara, wamebeba vyungu na watoto, jioni wanatafuta kuni na kupika. Msafara wa kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, ulipita Ubena Oktoba 1918, na uliweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wanawake wakiwemo. Njaa na homa waliipata sawasawa na waume zao, lakini walijua waume zao wako wapi. Vita vya Kagera vilikuwa vingine. Mke alibaki Iringa au Rungwe, mume yuko ng'ambo ya Mto Kagera, na tangu uvamizi wa Oktoba 1978 hadi Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili 1979 kilichowaunganisha ni barua na redio. Barua ilichelewa, ila kila mtu alijua kwamba barua huchelewa, hivyo ucheleweshaji haukuwa kosa la mtu. Leo simu imetuzoesha jibu la papo hapo, na tiki mbili za bluu zimekuwa hati ya mashtaka.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, kaeni mezani na karatasi. Msiongelee jambo hili kitandani usiku wa mwisho, kwa sababu usiku ule kila mtu huahidi asichokiweza. "Nitakupigia kila siku" ndiyo ahadi inayovunja nyumba nyingi, na huvunjika wiki ya pili, siku doria inapolala porini.

Chagueni siku mbili kwa wiki, na ya tatu ya akiba. Saa iandikwe kwa pande zote mbili. Beni na Goma, kule Kongo, ziko nyuma yetu kwa saa moja: saa tatu usiku ya Mbeya ni saa mbili kule. Berbérati, Jamhuri ya Afrika ya Kati, iko nyuma kwa saa mbili. Lebanon iko sawa nasi majira yao ya joto na nyuma kwa saa moja majira ya baridi, na siku wanapobadili saa zao ndipo wanandoa hukosana bila sababu. Andikeni kwa majira yetu, saa ya jioni iwe ya jioni, asije mmoja akasema saa tatu na mwenzake akasikia asubuhi.

Kisha kubalianeni urefu wa ukimya wa kawaida. Mpaka siku ngapi mke asifanye lolote? Kwa askari wa miguu anayelala kwenye vituo vya mbele, siku 7 ni kipimo cha haki. Kwa karani au dereva wa kambini, siku 3 au 4 zinatosha. Kipimo chenu kikipita, mke anapiga namba moja tu: ya ofisi ya kikosi kilichobaki nyumbani, na namba hiyo iwe imeandikwa ndani ya mlango wa kabati, kwa kalamu, maana simu huibiwa. Asianzie kwenye kundi la wake wa askari. Lile kundi lina upendo mwingi na habari kidogo. Swali moja la "jamani kuna aliyeongea na mumewe?" huwakosesha usingizi wanawake thelathini, na kufika asubuhi limeshakuwa habari kamili yenye idadi ya waliokufa.

Halafu kuna bipu. Wapo wanaoiona ni tabia ya vijana wasio na salio. Kwa askari ni chombo. Kubalianeni kwamba bipu moja maana yake ni "nipo, siwezi kuongea, usipige". Mke akiiona asipige, hata moyo umdunde. Akipiga, mume yuko lindo na simu inaita mfukoni, na hapo pana hatari ya kweli, si ya nyumbani tu. Wasio na mtandao wa kubipu watumie ujumbe wa neno moja mliloafikiana. Neno lenyewe liwe la kawaida kabisa, lisiwe fumbo la kijasusi. Ofisa akilisoma atakuiteni mjieleze.

Na zile tiki za bluu za WhatsApp zizimeni nyote wawili kwenye mipangilio ya faragha. Hatusemi mfichane. Mtu aliyetoka doria saa kumi alfajiri huweza kufungua ujumbe, akasoma mstari wa kwanza, akalala na simu kifuani. Mkumbuke tu kwamba kwa ujumbe wa sauti alama ya kusikilizwa hubaki hata mkizima.

Sasa jambo zito zaidi, tuliseme wazi. Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu saba waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yetu ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na askari wetu wasiopungua 14 wakapoteza maisha. Siku kama hizo mawasiliano ya kambi huweza kufungwa, na hufungwa kwa makusudi, ili familia isikie habari kutoka kwa ofisa aliyesimama mbele yao na si kwenye simu ya jirani. Mke asiyejua utaratibu huu, simu zote za kikosi zikikatika kwa pamoja, huona amefichwa. Anayeujua hutambua kwamba kufungwa kwa simu huwahusu wote waliopo pale, wazima na walioumia, hakusemi lolote juu ya mumewe peke yake. Haitampa usingizi. Itampa tu kitu cha kushikilia hadi asubuhi.

Utaratibu huo hufanya kazi ikiwa ofisa atajua mlango wa kubisha. Fomu ya ndugu wa karibu kikosini ndiyo karatasi ya mapenzi kuliko kadi zote za maua. Wengi mliijaza mlipokuwa kuruta na mkaandika jina la baba. Mmeoa, mmezaa, na fomu bado inamjua mzee wa kijijini tu. Likitokea la kutokea, msafara unakwenda kwa mzee, kilio kinaanzia huko, na mke aliye Mbalizi anapata habari kwa shangazi wa mume. Ibadilisheni wiki hii. "Mbalizi, karibu na kanisa" si anwani. Andikeni mtaa au kitongoji, jina la mwenyekiti wake, namba mbili za simu, na jina la mtu mzima mmoja wa kuitwa asimame na mke. Mke akienda kujifungulia kwao Makete au Ileje, apeleke taarifa kikosini, siku anayoondoka na siku anayorudi.

Tuje kwenye maneno yenyewe.

Wazee hapa wanaukumbuka mwanzo wa barua: "Mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Vijana wanaucheka. Uangalieni ulivyopangwa: kwanza afya ya mwandishi, kwa sababu ndiyo msomaji anayoitafuta, halafu wasiwasi wake kwa mwenzake, ndipo "dhumuni la barua hii". Askari wengi leo huanza na dhumuni, "umepata ile hela?", na mke anabaki kuwaza kwa nini sauti yake ilikuwa imekauka.

Ujumbe wa sauti wa dakika mbili unatosha, na uwe na mambo haya. Hali yako, kwa ukweli unaobebeka: "nimechoka, mguu umepona". Kitu kimoja ulichokiona kinachoruhusiwa kusemwa: mvua, chakula, mwenzenu anayekoroma. Kisha swali moja mahsusi kutokana na alichokwambia mara iliyopita. Hapa ndipo mapenzi yanapoonekana. "Mnaendeleaje?" humpa mke jibu moja tu, "salama". "Yule mtoto jino limeshang'oka?" humwambia kwamba ulisikia, ukakumbuka, ukalibeba siku nne. Wekeni kijidaftari, muandike kila baada ya simu mambo matatu aliyoyataja. Wanaume wa huku hawana mazoea ya kusema "nakupenda" hadharani, na wengine hata faraghani huona aibu. Si lazima ujigeuze. Lakini neno lisiposemwa kabisa, swali mahsusi ndilo litakalolibeba, na hilo lisipokuwepo hapabaki kitu.

Mke naye ana wajibu. Asimtumie mume tatizo lisilo na hatua. "Mtoto anaumwa sana", kisha simu inazimika chaji, humwacha mwanaume mwenye silaha mkononi akiwa na mawazo mahali pengine. Aseme: mtoto ana homa, tumefika zahanati, amepimwa, amepewa dawa mseto, kesho nitakupa hali. Ugomvi usifanyike kwa maandishi, kwa sababu maandishi hayana sauti na kila mmoja huyasoma kwa hasira aliyonayo. Tengeni siku moja kwa mwezi ya mambo mazito, mume akiwa hana zamu usiku ule. Jambo zito likijitokeza kabla, liandikwe lisubiri. Utashangaa mangapi hufa yenyewe kwenye orodha.

Mtandao ukiwa dhaifu, rekodi bila mtandao kisha utume usiku wa manane au alfajiri, msongamano unapopungua. Kwenye simu za setilaiti sauti huchelewa kidogo. Semeni sentensi, nyamazeni kidogo, ndipo mwenzako ajibu, la sivyo mtaongea kwa pamoja na kila mmoja ataona anakatizwa. Barua za karatasi zipewe namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mke akipokea ya nne baada ya ya pili anajua moja imepotea njiani au iko mfukoni mwa mtu aliyekwenda likizo. Hana haja ya kuuliza kwa nini mume "hakujibu" swali ambalo majibu yake hayajafika. Kalamu iwe ya wino mzito wa kawaida. Wino wa maji hufutika unyevu ukiingia. Na barua moja ya mkono, hata yenye mistari kumi, mke huisoma mara nyingi kuliko ujumbe mia wa simu, kwa sababu haifutiki simu inapojaa.

Kwa watoto wadogo, rekodini nyumbani kabla ya kuondoka vipande kumi hadi kumi na tano vya dakika moja moja: jina la mtoto, wimbo, hadithi ya sungura, sala ya kulala. Mke awawekee wazisikie kila jioni saa ileile. Zibaki za watoto, mke asizisikilize peke yake hadi akazichoka.

Kuna barua nyingine inayoandikwa kimya kimya, ya kusomwa endapo askari hatarudi. Hatuwalazimishi. Anayeiandika aiandikie nyumbani, mchana, kichwa kikiwa kimetulia, amwachie padri, shehe, mchungaji au mzee wa familia asiye na maslahi yoyote nyumbani humo. Isibebe madeni wala mali. Mali ina karatasi yake: wosia, wenye sahihi yako na mashahidi wasiopungua wawili waliokuwepo pamoja, na RITA, wakala wa serikali wa usajili na ufilisi, huhifadhi wosia. Mkichanganya mapenzi na viwanja katika karatasi moja, barua itasomwa na ukoo mzima barazani, na maneno mliyomwandikia mke peke yake yatabishaniwa na mawifi.

Tumefika kwenye pesa, na hapa tutasema na wanaume.

Pesa ya nyumbani isipitie kwa kaka. Tunawaheshimu kaka zenu. Lakini mke anayemwomba shemeji hela ya chumvi kwa mwaka mzima, hata akipewa bila maneno, amegeuzwa mgeni ndani ya nyumba yake. Mishahara mingi huendelea kuingia benki hapa nyumbani, basi andikeni agizo la kudumu benki ili fungu la matumizi lihamie akaunti ya mke tarehe ileile kila mwezi, bila mtu kuomba wala kukumbushwa. Agizo hilo lijaribiwe mwezi mmoja kabla ya safari, kwa sababu kosa la tarakimu moja kwenye akaunti husahihishwa kwa dakika tano ukiwa Mbeya na kwa miezi miwili ukiwa Beni. Laini ya simu ya kupokelea pesa iwe na jina na alama za vidole za mke mwenyewe.

Kwa mfano wa mafungu: katika kila kumi, manne chakula, ada na matibabu; matatu ujenzi au shamba; mawili akiba isiyoguswa na yeyote bila mwenzake; moja dharura, mikononi mwa mke, isiyodaiwa risiti. Mnaweza kubadili hesabu. Msilibadili lile la mwisho. Mwanamke anayetakiwa kueleza kila shilingi elfu mbili kwa mtu aliye nchi nyingine huacha kusema mapema nyumba inapoanza kuvuja, na utaikuta imevuja.

Na shamba lina saa yake. Mahindi huku hupandwa mvua zinapoanza, Novemba hadi Desemba. Ekari moja inataka mbegu kilo 8 hadi 10 na mfuko mmoja wa mbolea ya DAP wa kilo 50 wakati wa kupanda. Palizi ya kwanza wiki ya pili au ya tatu. Kisha mfuko wa urea mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu. Viwavijeshi vamizi hukaguliwa ndani ya moyo wa mmea mara mbili kwa wiki tangu yanapochipua. Maana yake pesa ya pembejeo ifike Oktoba. Ikifika Januari pamoja na salamu nzuri, mahindi yameshakuwa ya njano na mke ameshakopa kwa jirani. Usajili wa mbolea ya ruzuku uwe kwa jina na simu ya yule atakayekuwepo kijijini. Mwanaume aliyejisajili mwenyewe kisha akapanda ndege amemwachia mkewe foleni isiyo na mwisho. Nakili kalenda hii kwenye kile kijidaftari. Askari anayeuliza Januari, "urea umeshaweka?", na Juni, "mmeanza kuvuna?", huyo bado yuko nyumbani. Msemo wa fimbo ya mbali kutoua nyoka haukumhesabu mtu wa namna hiyo.

Karatasi tuzipitie haraka. Cheti cha ndoa kiwepo. Kama mnaishi pamoja bila ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina dhana ya ndoa kwa waliokaa miaka miwili na zaidi, lakini dhana hiyo huthibitishwa mahakamani, na hakuna anayetaka kuithibitisha akiwa amevaa nguo nyeusi. Fungeni ndoa kabla ya safari, sherehe itasubiri. Sheria hiyohiyo inazuia mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kifungu cha 59 kinahusu waume na wake vilevile. Kwa mambo ya ardhi, shule na mizigo, mwachieni mke hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya wakili, itaje mambo mahsusi na tarehe ya mwisho. Hati ya "mambo yote" huwatisha hata wafanyakazi wa benki, na mara nyingi huikataa.

Jambo la mwili, maana tumekwepa vya kutosha. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Kwa hiyo hofu isielekezwe kwa anayesafiri peke yake. Anayebaki naye anaishi katika mikoa yenye maambukizi makubwa kuliko yote nchini. Pimeni pamoja kabla ya kuondoka na pamoja akirudi, kisha rudieni baada ya miezi 3, kwa sababu kipimo huenda kisione maambukizi ya wiki chache. Katikati mnatumia kondomu, na mkiliweka kwenye makubaliano leo, siku ile haitakuwa tuhuma. Askari aliyejiweka hatarini akiwa huko aende kwa daktari wa kikosi ndani ya saa 72 apewe dawa kinga ya siku 28. Aibu ya dakika kumi ni ndogo.

Na uzazi. Wake wengi huacha sindano ya miezi mitatu mume anapoondoka, wakiona haina kazi. Kisha mume hupewa likizo ya ghafla. Wengine hutaka mtoto likizo hiyohiyo, hawajui kwamba baada ya sindano ya mwisho uwezo wa kushika mimba huchukua wastani wa miezi 10 hivi kurudi, wakaanza kulaumiana na kutafuta mganga. Mwenye mpango wa mtoto apige hesabu hiyo nyuma kutoka tarehe ya likizo, au atumie kijiti au kitanzi, ambavyo uwezo hurudi haraka vikitolewa. Muuguzi wa zahanati atawapangia vizuri kuliko rafiki.

Kuhusu usalama, mambo machache tu. Mke asiweke mtandaoni tarehe ya mume kuondoka wala kurudi, wala picha yenye mlima, daraja au namba ya gari nyuma yake. Na asitangaze kwamba yuko peke yake. Wezi nao wana simu.

Tumalizie na kurudi, kwa sababu watu hulitayarisha pilau wakasahau mengine. Mwanamke amekuwa mkuu wa nyumba kwa miezi 12. Amejua fundi gani mwongo, mtoto gani anahitaji kufokewa na yupi anahitaji kuachwa. Mume akifika na kuanza kupanga upya asubuhi ya pili, ameifuta kazi yake yote. Wiki mbili za kwanza angalia, kula, lala, uliza. Wageni wa ukoo waje siku moja iliyopangwa, si kila jioni. Ulanzi na bia ziwe na kipimo hasa mwezi huo, kwa kuwa pombe huonekana inaleta usingizi kumbe inauvunja.

Usingizi wenyewe utasumbua. Kushtuka mlango ukibamizwa, kuamka akitafuta silaha, kukaa na mgongo ukutani hotelini: kwa wiki chache za mwanzo ni mwili unaoteremka taratibu. Mke asimguse akiwa ndotoni. Amwite kwa jina akiwa mbali kidogo, awashe taa, ndipo amshike. Ikizidi mwezi mmoja, au ikiwa anakwepa watoto, anapiga, au anasema ni heri angebaki kule, ni kwenda hospitali ya rufaa kwenye kitengo cha afya ya akili, au kwa daktari wa kikosi, na mke aende naye aeleze usiku unavyokuwa, maana mwenyewe atasema amelala vizuri.

Mwisho wa mwezi wa pili, hati ya uwakilishi ifutwe kwa maandishi kwa wakili yuleyule aliyeiandaa, na mafungu kumi yahesabiwe upya kwa pamoja mezani. Kadi ya benki ndiyo ya mwisho kurudishwa. Na kama akaunti imekaa vizuri mkononi mwa mama, afande, muulize kwanza mwenyewe kama angependa aendelee nayo.